Watafiti wa Wakimbizi: Wanasoma Nini, Nani Anawagharimia, na Mara Inahusikaje



Kila mwaka, Dominika ya mwisho ya mwezi Septemba, Mama Kanisa anaadhimisha Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani, adhimisho ambalo mizizi yake inarudi hadi mwaka 1914. Katika parokia zetu nyingi za Musoma, Butiama na Bunda siku hiyo hupita kwa nia moja katika sala ya waamini, kisha tunaendelea na matangazo. Sababu inaeleweka. Mkoa wa Mara hauna kambi ya wakimbizi. Habari za wakimbizi tumezizoea kama habari za Kigoma, Kagera, Katavi na Tabora, na mengine tunayasikia redioni kutoka Sudan na Mashariki mwa Kongo.

Hata hivyo, baadhi ya vijana wetu waliohitimu vyuo vikuu wamekuwa wakiuliza kuhusu nafasi za kimataifa zinazotolewa kwa watafiti wa masuala ya wakimbizi na uhamaji wa kulazimishwa. Wengine wameona matangazo katika simu zao wasijue lipi ni la kweli. Wazazi nao wanauliza kama ni jambo la maana kumruhusu kijana mwenye shahada yake ya sheria, sosholojia au maendeleo ya jamii kutumia miaka kadhaa akiandika habari za watu waliofukuzwa kwao, badala ya kutafuta ajira. Makala hii inajaribu kueleza jambo hilo kwa utaratibu, na kuonesha kwamba linatuhusu kwa karibu kuliko tunavyodhani.

Maneno kwanza

Mkimbizi, kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu ya hofu ya kweli ya kuteswa kutokana na asili yake, dini yake, utaifa wake, kundi la kijamii alilomo au maoni yake ya kisiasa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, katika mkataba wake uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, uliongeza mlango: alitambua pia kuwa mkimbizi yule anayelazimika kuondoka kwa sababu ya uvamizi, ukaliaji wa nchi kwa mabavu, utawala wa kigeni, au matukio yanayovuruga vibaya amani na utulivu wa umma. Nyongeza hii ni mchango wa Afrika kwa dunia, na inafaa tuijue. Mama anayekimbia kijiji kinachochomwa moto hahitaji kuthibitisha kwamba waliokichoma walimlenga yeye binafsi.

Uhamaji wa kulazimishwa ni neno pana zaidi. Linamjumuisha mkimbizi, linamjumuisha anayeomba hifadhi na bado hajajibiwa, na linamjumuisha pia mtu aliyelazimika kuhama akiwa bado ndani ya mipaka ya nchi yake: kwa vita, kwa mafuriko, kwa mradi wa bwawa au barabara, kwa upanuzi wa hifadhi ya wanyama, au kwa kukimbia mila inayomdhuru. Tutarudi hapo, maana hapo ndipo Mara inapoingia.

Neno la tatu ni ufadhili wa watafiti. Watu wengi hulichanganya na skolashipu ya kawaida. Skolashipu humlipia mwanafunzi ada ili apate cheti. Ufadhili wa mtafiti humpa mtu ambaye tayari ana elimu fulani, mara nyingi shahada ya uzamili au ya uzamivu na wakati mwingine uzoefu wa kazi tu, muda wa miezi au miaka ya kufanya uchunguzi wake mwenyewe: posho, meza ya kufanyia kazi, ruhusa ya kutumia maktaba, na watu wa kujadiliana nao. Mwishoni hapewi joho. Anadaiwa maandishi.

Mtoto wa Butiama na medali ya Nansen

Tuanze na mtu wa kwetu. Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskoti, kwa ufadhili wa masomo, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Mara nyingi tunasimulia safari hiyo kama mwanzo wa siasa zake. Ni vema pia kuikumbuka kama mfano wa kile ambacho ufadhili unaweza kufanya kwa kijana wa kijijini aliyepewa miaka mitatu ya kusoma na kufikiri bila kusumbuliwa.

Tanzania aliyoiongoza ilipokea watu wengi mno. Walikuja kutoka Rwanda tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kutoka Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi, kutoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972, pamoja na wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliojengewa makazi na shule Mazimbu, Morogoro. Warundi wa mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakajilisha na kuuza ziada. Mwezi Mei 1979 mkutano mkubwa wa Afrika juu ya wakimbizi ulifanyika Arusha. Mwaka 1983 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilimtunuku Mwalimu medali ya Nansen, heshima ya juu kabisa katika kazi hiyo. Sijui ni wangapi kati ya watoto wetu wanaozuru makumbusho ya Butiama huambiwa habari hiyo.

Lakini mtafiti hasomi sifa peke yake. Anasoma pia sheria, na sheria ya kwanza ya Tanzania huru kuhusu wakimbizi, ya mwaka 1965, ilikuwa sheria ya udhibiti: iliipa Serikali mamlaka makubwa ya kuamua mkimbizi aishi wapi na atembee vipi, bila kusema mengi juu ya haki zake. Anasoma pia kwamba uongozi uleule uliowapokea wageni kwa moyo mkunjufu uliwahamisha wananchi wake kwa amri katika Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976. Mwanasayansi wa siasa wa Marekani, James Scott, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya mipango mikubwa ya serikali iliyoshindwa, aliipa operesheni hiyo sura nzima. Wazee wetu wanaoikumbuka hawahitaji kitabu hicho ili kujua nyumba ngapi zilibomolewa na ni nani aliyeachwa bila paa msimu wa mvua. Mimi naona si kumvunjia heshima Mwalimu kusoma mambo yote mawili kwa pamoja. Mchakato wa kumtangaza mtu mwenyeheri unadai ukweli wote, na Kanisa haliogopi kumbukumbu.

Somo hili lilizaliwaje

Kwa muda mrefu hakuna chuo kikuu kilichokuwa na idara ya kusoma habari za wakimbizi. Wanasheria walisoma mikataba, madaktari walisoma kipindupindu cha kambini, na wachumi walihesabu magunia. Mwaka 1982 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Barbara Harrell-Bond, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mpango wa masomo ya wakimbizi ambao leo unajulikana kama Kituo cha Masomo ya Wakimbizi. Mama huyu alikuwa amekaa kusini mwa Sudan, katika eneo la Mto Yei, akiangalia jinsi Waganda waliokimbia vita walivyohudumiwa. Kitabu alichokitoa mwaka 1986 kiliwakasirisha watu wengi wema. Alisema kwamba misaada mingi hupangwa kana kwamba mkimbizi hana akili, hana ujuzi na hana maoni, na kwamba wale walioishi nje ya makambi, bila msaada, walistahili kusomwa kwa makini kama wale walioorodheshwa kambini.

Harrell-Bond hakuishia Oxford. Alisaidia masomo haya yaanze pia katika vyuo vya Afrika, ikiwemo Makerere nchini Uganda na Cairo nchini Misri. Mwaka 1988 lilianza jarida la kitaaluma la masomo ya wakimbizi, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha York mjini Toronto, Canada, kikaanzisha kituo chake. Vituo vya aina hii ndivyo vinavyopokea watafiti wageni: mtu anakuja na swali lake, anakaa muhula au mwaka, anatoa mhadhara mmoja au miwili, anaandika.

Kanisa nalo halikuwa mbali. Papa Pio XII alitoa waraka wake mkuu juu ya huduma kwa wahamiaji, Exsul Familia, tarehe 1 Agosti 1952, akiitazama Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kama kielelezo cha kila familia iliyofukuzwa. Padre Pedro Arrupe, Mkuu wa Shirika la Yesu, aliguswa na mateso ya Wavietnamu waliokuwa wakikimbia baharini kwa mashua, na tarehe 14 Novemba 1980 akaanzisha Shirika la Kijesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi, JRS. Wajesuiti hao walitambua mapema kwamba huduma bila kufikiri hukauka. Walishirikiana na kituo cha Oxford hata ikawekwa pale nafasi ya mkufunzi yenye jina la Pedro Arrupe. Huku kwetu ndio walioanzisha Radio Kwizera kule Ngara, kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji. Mjini Roma, Wamisionari wa Mtakatifu Karoli, yaani Wascalabrini, wana taasisi yao ya masomo ya uhamaji iliyounganishwa na Chuo Kikuu cha Kipapa cha Urbaniana, na huko mapadre, watawa na walei husoma pamoja. Naye Baba Mtakatifu Fransisko alitupatia vitenzi vinne ambavyo mapadre wengi tumevihubiri: kupokea, kulinda, kukuza na kushirikisha. Watafiti nao wamevichukua vitenzi hivyo kama maswali. Nchi fulani inapokea, sawa; je, inakuza?

Matunda yake: mifano miwili

Ufadhili wa utafiti una faida gani kwa mkimbizi mwenyewe? Nitatoa mifano miwili inayohusu nchi yetu.

Mwaka 1985 na 1986 mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi magharibi mwa Tanzania miongoni mwa Warundi wa Kihutu waliokimbia mwaka 1972. Alifanya jambo rahisi ambalo watu wengi hawakuwa wamelifanya: aliwalinganisha waliokaa Mishamo, katika makazi yaliyopangwa na Serikali, na waliokaa Kigoma mjini wakijitafutia riziki. Aligundua tofauti kubwa. Wa Mishamo walisimulia historia yao kwa pamoja, kwa bidii, wakijiona taifa lililo uhamishoni ambalo siku moja litarudi. Wa Kigoma mjini walikuwa wakijichanganya, wakioa na kuolewa, wakibadili majina, wala hawakutaka sana kuitwa wakimbizi. Watu walitoka nchi ileile mwaka uleule. Mahali walipowekwa palibadili walivyojielewa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Miaka kumi na mbili baadaye, mwaka 2007, Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR walipoanza mpango wa kuwapa hiari wale wa mwaka 1972, kurudi au kuomba uraia, swali la nani anajiona Mrundi na nani anajiona Mtanzania halikuwa tena la vitabuni. Zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014.

Mfano wa pili ni wa Mtanzania. Bonaventure Rutinwa, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa mtafiti katika kituo kile cha Oxford katika miaka ya 1990. Wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa bado katika mshtuko. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa takriban saa ishirini na nne. Mwezi Desemba 1996 Serikali yetu, kwa tamko la pamoja na UNHCR, iliwataka wakimbizi wa Rwanda waondoke ifikapo mwisho wa mwezi huo. Nchi iliyotunukiwa medali ya Nansen ilikuwa imegeuka. Mwaka 1999 Rutinwa aliandika andiko lililouliza kama huo ulikuwa mwisho wa hifadhi barani Afrika. Hakutukana Serikali za Afrika, wala hakuzitetea kwa upofu. Alionesha kwamba sera ya milango wazi ilisimama juu ya nguzo fulani: idadi iliyovumilika, mshikamano wa ukombozi, na dunia iliyokuwa tayari kuchangia mzigo. Nguzo hizo zilipoanguka, sera nayo ilianguka. Ukitaka milango ifunguke tena, huwezi kuhubiri ukarimu tu. Lazima useme pia nani atachangia gharama.

Hoja hiyo, naungama, imekuwa na manufaa kwangu mimburini. Ni rahisi kumlaumu mkulima wa Kibondo au Ngara kwamba amechoka na wageni, wakati miti ya kuni imekwisha na sisi wa mbali hatujatoa hata debe la mahindi.

Mtafiti huyo alirudi nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa na kituo chake cha kusoma uhamaji wa kulazimishwa, kikiendesha kozi fupi kwa maofisa, wanasheria na wafanyakazi wa mashirika. Siku hizi taasisi ya Canada ya kugharimia utafiti wa maendeleo, IDRC, imegharimia viti vya utafiti kuhusu uhamaji wa lazima katika vyuo vikuu vya nchi zinazopokea wakimbizi, na kimojawapo kiko Dar es Salaam. Lengo ni kwamba maswali yaulizwe na wenyeji. Kwa miaka mingi fedha zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini, na mwenye fedha ndiye aliyechagua swali; msomi wa Kiafrika aliitwa kutafsiri, kuendesha gari na kutafuta watu wa kuhojiwa. Ni vema kusema wazi kwamba hali hiyo haijakwisha.

Mara katika ramani ya uhamaji

Sasa turudi nyumbani. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoikumba Kenya, baadhi ya majirani zetu walivuka mpaka kuja upande wetu. Lakini hata bila Kenya, mkoa huu una historia yake.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Watu waliowinda, waliochunga na kutambikia katika nchi ile, wakiwemo Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme, walijikuta nje ya mpaka uliochorwa na wengine. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyewahi kuishi mkoani kwetu, aliwasikiliza wazee wa makabila hayo na ya jirani, Waikizu miongoni mwao, na mwaka 2007 akachapisha historia ya jinsi wanavyoikumbuka ardhi ile: mahali palipo pori tupu kwa mtalii, mzee anaona kijiji cha babu yake. Jambo linalonivutia zaidi ni kitabu chake cha mwaka 2003, ambamo alikusanya na kuchapisha historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe wa Mara ya Kusini. Kumbe kulikuwa na wazee walioandika katika madaftari ya shule, bila posho ya chuo chochote, wakihofia kwamba watoto hawatajua.

Katika miaka hii ya karibuni jambo la namna hiyo limefika Bunda. Wakazi wa Kata ya Nyatwali, kando ya Ghuba ya Speke, walitakiwa kupisha eneo lao ili wanyama wa Serengeti wafikie maji ya Ziwa Victoria. Kulikuwa na uthamini, kulikuwa na fidia, kulikuwa na malalamiko, na watu wakahama. Si nia yangu kuamua hapa kati ya haja ya nchi kuhifadhi viumbe na haki ya mvuvi kubaki pale alipozika wazazi wake. Ninachosema ni kwamba hili ni somo halisi la uhamaji usio wa hiari. Kuna maswali yanayohitaji mtu wa kuyafuatilia kwa miaka, si kwa ziara ya siku mbili. Familia zilizopokea fidia zilinunua nini, na wapi? Wajane walipata sehemu yao, au fedha zilipita mikononi mwa mashemeji? Watoto walirudi shuleni muhula uleule? Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zilizovunjika zimezaliwa upya walikohamia? Uchunguzi uliofanywa sehemu nyingi duniani umeonesha kwamba watu wanaohamishwa wakilipwa fedha tu, bila ardhi wala maandalizi, wengi huishia wakiwa maskini kuliko awali. Kama Nyatwali imekuwa hivyo au la, hakuna atakayejua asipoenda kuwauliza.

Kuna kundi la pili, nalo ni la mabinti. Inapofika Desemba, katika miaka ya ukeketaji, wasichana wa Tarime, Serengeti na Butiama hukimbia makwao usiku. Wengine hufika kituo cha Masanga wilayani Tarime, wengine nyumba salama za Mugumu na Kiabakari, wengine hugonga mlango wa nyumba ya masista au ya katekista. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka kumi na minane, na bado msichana anayetii sheria ndiye anayelazimika kulala mbali na kwao. Hakuvuka mpaka wowote wa nchi, hivyo hakuna mkataba wa Geneva unaomhesabu. Lakini ameacha nyumba yake kwa kuogopa madhara, na hawezi kurudi mpaka upatanisho ufanyike. Kama hilo si uhamaji wa kulazimishwa, sijui neno hilo lina kazi gani. Swali la kitafiti, ambalo pia ni swali la kichungaji, ni lile la Januari: binti akisharudi, nini humpata mezani kwa baba yake, na nini humpata mwaka unaofuata?

Kijana kutoka Kiabakari au Nyatwali mwenye lugha ya mama, anayejua nani ni nani katika ukoo, ana mtaji ambao mtafiti wa kutoka Oxford hana. Anachokosa ni muda, vitabu na mwongozo. Hicho ndicho ufadhili unachonunua.

Anayehojiwa naye ana haki

Tuseme pia neno kwa upande wa pili wa daftari. Watu waliokimbia hoja moja hadi nyingine huchoshwa na maswali. Katika makambi si ajabu mtu kusimulia kifo cha watoto wake kwa mgeni wa tano, akitumaini kwamba safari hii msaada utakuja, na mgeni akaenda zake na kinasa sauti chake.

Mtafiti halali anayekuja kijijini au parokiani ana kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kwa kuingia kambini anahitaji pia kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mwamini anayo haki ya kuomba kukiona. Anayo haki ya kuelezwa utafiti ni wa nini, kukataa, kuacha katikati, na kutaka jina lake lisiandikwe. Mtafiti mwema hamwahidi mtu kwamba akijibu maswali atapata nafasi ya kwenda Ulaya au kuongezewa fidia. Kwa mabinti walio katika nyumba salama tahadhari iwe mara mbili: picha moja mtandaoni yaweza kumwonesha mjomba mahali alipo. Maparoko na viongozi wa halmashauri za walei wasipeleke mgeni kwa watoto hao kwa sababu tu ana barua yenye nembo nzuri.

Kwa wanaotaka kuomba

Nafasi ziko za namna nyingi. Ziko za watafiti wageni wa muhula mmoja au mwaka. Ziko za shahada ya uzamivu. Ziko kozi za majira ya kiangazi za wiki chache. Ziko pia zilizotengwa kwa wakimbizi wenyewe, kama mpango wa DAFI wa UNHCR ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani, unaowasomesha shahada ya kwanza wakimbizi katika nchi walikokimbilia. Na ziko kwa ajili ya wasomi wanaotishiwa maisha makwao. Shirika la Uingereza la kuwaokoa wasomi wa namna hiyo lilianza mwaka 1933, walipofukuzwa maprofesa wa Kiyahudi nchini Ujerumani.

Mwombaji huombwa wasifu wake, andiko fupi la utafiti, sampuli ya alichowahi kuandika, na barua za wadhamini wawili au watatu. Andiko ndilo linaloamua. Wengi huandika kwamba wanataka kusoma matatizo ya wakimbizi Afrika, na maombi yao hutupwa kando siku hiyohiyo, maana hilo si swali. Andika swali dogo ambalo wewe unaweza kulijibu na mwingine hawezi. Wajane wa Nyatwali ni swali. Binti aliyerudi kutoka nyumba salama ni swali. Anza na maktaba ya chuo ulichosoma na mwalimu aliyekusimamia. Majarida mengi ya fani hii husomwa bure mtandaoni.

Mapadre tunaoombwa barua za udhamini tuandike tunachokijua: kijana huyu aliendesha kikundi gani, alitunza fedha vipi, alimaliza kazi aliyoanza au la. Barua ya sifa tupu haimsaidii.

Na hili nalisisitiza: ufadhili wa kweli hauuzwi. Ukiambiwa utume fedha kwa simu ili jina lako liingizwe, ukiambiwa uikabidhi pasipoti yako kwa wakala, ukiahidiwa nafasi bila kuandika chochote, huo ni utapeli, na wakati mwingine ni mlango wa biashara ya binadamu. Taarifa zote zitafutwe katika tovuti ya chuo chenyewe, na barua pepe ya chuo ijibiwe na ofisi ya chuo. Hata ukikubaliwa kwa halali, jiandae: viza hukataliwa, na pasipoti huchukua muda. Anza na cheti cha kuzaliwa.

Mwisho, jambo la ofisi zetu za parokia. Vitabu vya ubatizo ni kumbukumbu ya uhamaji kuliko tunavyofikiri. Kwa mkimbizi aliyepoteza kila karatasi, cheti cha ubatizo chaweza kuwa ushahidi pekee wa jina na umri wake. Sheria ya Kanisa inaagiza kipaimara na ndoa viandikwe pembeni mwa jina la mtu katika kitabu cha mahali alikobatizwa, popote atakapokuwa amehamia. Familia zilizotoka Nyatwali na kwingineko zikihitaji vyeti ziende, au zimwombe paroko wa sasa aandike, kwa parokia ya ubatizo, zikitaja jina la ubatizo, majina ya wazazi na ya msimamizi, kigango na mwaka kwa kukadiria. Makatibu wa jumuiya zilizopokea wahamiaji waandike familia ilitoka kigango gani na ilifika mwezi gani. Daftari hizo zitunzwe ofisini, chini ya ufunguo, na asipewe mtu yeyote, mtafiti au mwingine, bila ruhusa ya paroko.